Likizo ndefu bila kusahau shule: mwongozo kwa mzazi wa mtoto wa shule ya msingi

Shule za msingi Tanzania hufunga kwa muda mrefu mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, na kila mara mtoto hukaa nyumbani karibu mwezi mzima. Ndani ya mwezi huo mengi husahaulika. Mwaka 1996 mtafiti wa Marekani, Harris Cooper, na wenzake walipitia tafiti 39 kuhusu likizo ya kiangazi ya kwao. Waliona kwamba kwa wastani watoto walirudi darasani wakiwa nyuma kwa kiasi cha mwezi mmoja wa masomo, na kilichopotea zaidi kilikuwa ukokotoaji wa hesabu na tahajia. Likizo ya kule ni ndefu kuliko yetu, lakini sababu haina mpaka wa nchi: jambo linalokaa kichwani kwa kurudiwarudiwa hutoka likiachwa. Katika kusoma, tofauti ililetwa na nyumba. Watoto wa familia zenye uwezo waliendelea kupanda, wa familia maskini wakashuka.

Hilo la mwisho ndilo linalonifanya niandike. Nyumba yenye kitabu kimoja na mtu mzima mmoja wa kumsikiliza mtoto inaweza kuziba sehemu kubwa ya pengo hilo, hata kama mtu mzima huyo hajui kusoma. Nitaeleza jinsi gani.

Kwanza niseme msimamo wangu. Usiihamishie shule nyumbani. Mtoto ameamka alfajiri kwa miezi mitano, ametembea, ameketi, amefanya mitihani. Anahitaji kucheza na kulala. Linda mambo mawili tu kila siku: kusoma kwa sauti na hesabu kidogo. Mengine yote yaingie kupitia kazi za nyumbani, sokoni, shambani na mazungumzo ya jioni.

Hatua ya kwanza: jua amekwama wapi

Siku ya kufunga shule, wazazi wengi huangalia ripoti, hasa nafasi ya mtoto darasani, kisha karatasi inawekwa kabatini. Nafasi haikuambii la kufanya. Daftari ndilo linalosema. Kaa na mtoto, fungua daftari la hisabati na la Kiswahili, tazama kurasa zenye alama za kosa. Ukiona mada moja imekosewa kurasa tatu mfululizo, umepata kazi ya likizo. Kama unaweza kuonana na mwalimu kabla hajaondoka, muulize swali moja: "Mwalimu, ni jambo gani moja nikimsaidia mwanangu litamfaa zaidi?" Swali hilo hupata jibu la wazi. Ukiuliza "anaendeleaje?", utaambiwa "anajitahidi."

Mwache apumzike siku tatu nne. Kisha mpime mwenyewe, kwa upole, bila kuita mtihani.

Kwa kusoma, mpe kitabu cha darasa alilopita mwaka jana, si la sasa, asome ukurasa mmoja kwa sauti. Kila neno linalomshinda, kunja kidole kimoja. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kwisha, kitabu hicho ni kigumu kwake kwa sasa. Shuka darasa moja, hata mawili. Akimaliza, funga kitabu umuulize: nani walikuwapo, kilitokea nini, kwa nini? Wapo watoto wanaosoma mbio kama maji ya bomba na hawana walichoelewa, na hao huwa hawagunduliki mpaka Darasa la Nne.

Kama hata sentensi fupi inamshinda, rudi kwenye silabi. Mwandikie ba, ke, mi, to, lu bila mpangilio, maana akizikuta kwa mpangilio wa ba-be-bi-bo-bu ataziimba tu. Kisha zile nzito: mwa, nywe, ndi, ng'o, dha, gha. Andika pembeni alizokosa.

Kwa hesabu, mpe maswali kumi ya darasa la nyuma, na wakati akiyafanya tazama mkono wake, usisubiri jibu. Chukua mfano wa 42 kutoa 18. Jibu ni 24. Mtoto akiandika 36, hakubahatisha: ametoa ndogo kwenye kubwa kila safu, 8 kutoa 2 ni 6, 4 kutoa 1 ni 3. Hajui kukopa. Mtoto huyo ukimpa maswali hamsini ya kutoa, utakuwa unamfundisha kosa mara hamsini. Mpe vijiti: mafungu manne ya kumi yaliyofungwa kwa uzi, na vijiti viwili pembeni. Mwambie akupe 18. Atatoa vile viwili, atakwama, na mwenyewe ataomba kufungua fungu moja. Hapo kukopa kumeeleweka. Kufungua uzi kwa mkono wake kunamfaa kuliko maelezo yako ya nusu saa.

Katika siku hizihizi mtazame pia macho na masikio. Mtoto anayesogeza kitabu puani, au anayeuliza "eeh?" kila mara, mpeleke zahanati au hospitali wakati huu wa likizo. Wengine huitwa wazito wa kuelewa kumbe hawaoni ubao.

Hatua ya pili: ratiba inayoshikamana na mambo ya nyumba

Ratiba yenye saa na dakika, iliyochorwa kwa rangi na kubandikwa ukutani, hudumu siku nne. Ratiba inayodumu ni ile iliyofungwa kwenye jambo ambalo nyumba yenu hulifanya kila siku bila kukumbushwa. "Baada ya chai na kuosha vyombo, kabla ya kutoka kucheza." Au kwa nyumba nyingine: baada ya kutoka madrasa. Au baada ya kuteka maji. Chagua wakati mmoja na ushike huohuo.

Muda uwe mfupi. Wa Darasa la Kwanza na la Pili, nusu saa inatosha kabisa, nayo igawe mara mbili. Wa la Tatu na la Nne, dakika arobaini. Kuanzia la Tano, saa moja. Jumamosi na Jumapili pumzika. Mtoto akijua kwa hakika kwamba kazi itakwisha na mpira upo, atakaa. Akijua kwamba akimaliza hii mama ataongeza nyingine, atajivuta mpaka adhuhuri.

Tafadhali, jambo moja kuhusu mabinti. Katika nyumba nyingi likizo ya mvulana ni mpira na likizo ya msichana ni jiko, mtoto mgongoni na ndoo kichwani. Kama dakika za kusoma zinalindwa kwa mmoja, zilindwe kwa wote, na vyombo vioshwe kwa zamu. Binti anayeshika daftari saa mbili usiku akiwa amechoka kutwa nzima hasomi, anasinzia.

Hatua ya tatu: kusoma kila siku

Vitabu vipatikane wapi? Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada, na kusoma humo ni bure. Ukiwa na simu janja unafungua na mtoto anasoma. Mtandao wa African Storybook una hadithi fupi nyingi za watoto kwa Kiswahili, zimepangwa kwa ngazi, na unaweza kuzipakua ukazisoma bila bando. Pakua kadhaa kwa siku moja mahali penye mtandao mzuri, ili baadaye simu ikiwa mkononi mwa mtoto uwe umezima data. Kwa wanaoishi Dar es Salaam, Maktaba Kuu ya Taifa iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967 bado ipo Barabara ya Bibi Titi Mohamed na ina sehemu ya watoto. Mikoani nako kuna maktaba za mkoa chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Kumpeleka mtoto mahali ambapo watu wazima wamekaa kimya wanasoma kuna faida yake peke yake.

Ukinunua au kuazima vitabu vya kiada vya kaka au dada, angalia kwanza. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024 kwa awali, Darasa la Kwanza na la Tatu, ukaendelea kupanda, kwa hiyo kitabu cha miaka michache nyuma kinaweza kisilingane na cha mwanao. Kwa mazoezi ya kusoma hakuna neno. Kwa kufuata mada, kuna neno.

Sasa namna ya kusoma. Siku ya kwanza ya hadithi, soma wewe, mtoto akifuatisha kwa kidole. Siku ya pili someni pamoja kwa sauti moja. Siku ya tatu asome peke yake huku wewe ukisikiliza, na akikwama mhesabie kimoyomoyo mpaka tano kabla ya kumsaidia. Subira hiyo ni ngumu kwa mtu mzima, lakini ndani ya ukimya huo ndimo akili yake inafanya kazi. Usimcheke, na usiruhusu wakubwa wake wamcheke. Mtoto wa Darasa la Nne anayerudi kwenye silabi tayari ana aibu yake. Mfundishe faraghani, ikibidi chumbani.

Kwa mzazi asiyejua kusoma: mwambie mtoto akusomee wewe. Ukiwa unachambua mchele au unashona, akae karibu asome. Akimaliza mwambie akusimulie kwa maneno yake, kisha uulize maswali unayotaka kweli kujua. "Huyo sungura alijuaje?" "Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Akishindwa kujibu, arudi kitabuni kutafuta. Hapo umefundisha ufahamu, na hukuhitaji kujua hata herufi moja.

Kuandika kusisahaulike. Imla ya maneno matano kila siku yatosha, nayo yatoke kwenye hadithi aliyosoma. Watoto wetu wengi hugongana na r na l, na dh na z, na ng' na ng, hasa pale lugha ya nyumbani si Kiswahili, basi maneno ya imla yachague humo: ng'ombe, ngoma, dhahabu, zawadi, kula, kura. Mara moja kwa wiki aandike kitu kitakachosomwa na mtu halisi: barua kwa bibi, orodha ya vitu vya dukani, maelezo ya kupika ugali kwa mtu ambaye hajawahi kuupika. Hiyo ya mwisho ipike kama alivyoandika, bila kuongeza hatua aliyoisahau. Akigundua kwamba hakuandika kuchemsha maji, ataelewa kwa nini mwalimu husisitiza mtiririko.

Jioni umeme ukikatika, au ukizimwa kwa makusudi, kuna mali yetu wenyewe. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Yai. "Kuku wangu katagia mibani." Nanasi. Mtoto anayetegua vitendawili anafanya kazi ileile ya kusoma yaliyofichwa kati ya mistari. Mwache naye atunge vyake kutokana na vitu vya leo: simu, bodaboda, tenki la maji.

Hatua ya nne: hesabu za nyumbani

Jedwali la kuzidisha lirudiwe kila siku kwa dakika tano, njiani au wakati wa kuchota maji. Wanaoanguka huanguka kwenye la sita, la saba na la nane. Usimkaririshe tu, mpe ngazi ya kupandia. Kama anajua 5 mara 7 ni 35, basi 6 mara 7 ni kuongeza 7 moja: 42. Akisahau, ana pa kuanzia.

Baada ya hapo hesabu zitoke kwenye maisha. Mtume gengeni na noti ya elfu tano: nyanya fungu la 1,000, vitunguu vya 500, mafuta ya kupima ya 1,200. Kabla hajatoka akuambie chenji itakuwa ngapi. Ni 2,300. Akirudi mhesabu pamoja.

Mita ya LUKU ni mwalimu mzuri wa desimali kwa wa Darasa la Tano na kuendelea. Kila jioni saa ileile aandike uniti zilizobaki. Jana 38.6, leo 35.9: tumetumia ngapi? 2.7. Tukiendelea hivi, zilizobaki zitatufikisha siku ngapi? Kama 13. Baada ya wiki achore mchoro wa nguzo, aoneshe siku mliyopiga pasi nguo nyingi. Niongeze kwamba mtoto mwenye kazi hiyo huanza kuzima taa mwenyewe.

Mkipika maandazi, mpe hesabu nzima ya biashara. Unga, sukari na mafuta vimegharimu shilingi 4,800, yametoka maandazi 32: kila moja limetugharimu 150. Tukiuza 200, faida ni 50 kwa andazi, na yakiisha yote ni 1,600. Na kuni au mkaa je, tumeuhesabu? Swali hilo la mwisho lina thamani kubwa, liulize hata kama jibu litaharibu faida.

Maji nayo: dumu la lita 20, familia inatumia madumu sita kwa siku, kwa wiki ni lita 840. Kwa wadogo zaidi, waache wacheze. Mdako ni kuhesabu kokoto kwa kasi huku macho yakiwa juu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mchezaji anayepanga hatua tatu mbele anafanya hesabu za kichwa nzito kuliko za daftari. Kama babu yupo na anajua bao, likizo hii ni ya kurithishwa.

Hatua ya tano: kazi moja kubwa ya mwezi

Mpe mtoto jambo moja la kulianza na kulimaliza mwenyewe. Ninalolipenda kuliko yote ni kitalu cha mchicha, kwa sababu likizo na mchicha vinaendana: ukisiwa wiki ya kwanza, ndani ya wiki tatu hadi nne unachumwa, kabla shule haijafunguliwa. Apime kwa futi kamba kitalu cha mita 2 kwa mita 1, aseme eneo lake. Asie mbegu kwa mistari na ahesabu siku mpaka zichipue. Agawe kitalu nusu kwa nusu: upande mmoja samadi, mwingine bila. Kila siku ya tatu apime urefu wa mche uleule na kuandika kwenye daftari lenye tarehe. Juni sehemu nyingi mvua zimekwisha, basi kumwagilia ni asubuhi na jioni, na akisahau mche utamwambia. Asiye na uwanja atumie ndoo kuukuu au kiroba.

Hiyo ni sayansi kamili, yenye kipimo, ulinganisho na kumbukumbu, na mwisho wake ni mboga mezani iliyopandwa na mtoto.

Kwa mtoto asiyependa udongo, afanye utafiti wa ukoo: amhoji bibi, babu, shangazi, aandike majina, mahali walikozaliwa, kazi walizofanya, shule waliyosoma na walichokula njiani. Na kama mna nauli ya siku moja, Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama, Dar es Salaam, kina nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania. Bagamoyo kuna magofu ya Kaole. Kabla ya kwenda, aandike maswali matatu anayotaka kujibiwa. Bila maswali, safari huishia kwenye soda.

Wanaokwenda kijijini, na wazazi wanaokosa nafasi

Watoto wengi wa mjini likizo yao ni kwa bibi. Usiwazuie, na usiwajazie begi vitabu saba. Weka kitabu kimoja cha hadithi, daftari moja, penseli mbili na kichongeo. Mwombe binamu mkubwa awasikilize wakisoma ukurasa mmoja kila jioni. Mengine kijiji kitafundisha: majina ya miti, lugha ya nyumbani, kukamua, kuvua, kupiga hesabu kwa debe na pishi. Piga simu mara mbili kwa wiki na usimwulize kama amesoma. Mwambie akusimulie alichosoma.

Kwa mama au baba anayetoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi usiku, andika kazi ya siku kwenye daftari kabla ya kulala: ukurasa wa kusoma, maswali matano, neno moja la kuulizia kwa jirani. Dada wa nyumbani au kaka mkubwa asimamie tu kwamba imefanyika. Wewe ukirudi, robo saa ya kumsikiliza akisoma ni yako, usimwachie mtu.

Televisheni na simu visihesabiwe kama masomo isipokuwa umechagua kipindi. Vipindi vya katuni vya shirika la Ubongo, vinavyotengenezwa hapahapa Tanzania, hufundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili safi; akitazama kimoja, akueleze alichojifunza.

Je, twisheni ya likizo?

Kwa mtoto anayesoma vizuri na kuhesabu vizuri, sioni sababu. Kwa aliyekwama, twisheni yenye watoto arobaini kwenye banda moja itarudia yaleyale yaliyomshinda darasani. Kama fedha ipo, afadhali mwalimu mmoja kwa watoto watatu au wanne, siku tatu kwa wiki, na umpe orodha ya yale uliyoyagundua kwenye hatua ya kwanza.

Wa Darasa la Saba wana hali yao. Mtihani wao ni Septemba, hivyo likizo ya Juni ni ya mwisho ndefu kabla yake. Hata hivyo karatasi za mitihani ya nyuma zifanywe moja kwa siku mbili: siku ya kwanza kuifanya kwa muda uliopangwa, siku ya pili kuchambua kila kosa na kulifanya upya. Kufanya karatasi thelathini bila kuchambua ni kuchosha mkono tu. Wa Darasa la Nne, ambao upimaji wao huja Oktoba, wasibebeshwe mzigo huu. Kusoma kwa ufahamu na jedwali la kuzidisha ndivyo vitakavyowavusha.

Wiki ya mwisho

Siku saba kabla ya kufungua, anza kurudisha saa ya kulala nyuma kidogo kila usiku. Rudia kipimo cha mwanzo: ukurasa uleule, silabi zilezile, maswali kumi ya aina ileile. Mwoneshe mtoto karatasi zote mbili, ya mwanzo na ya sasa, aone mwenyewe alichopata. Kilichobaki kigumu kiandike kwenye kipande cha karatasi kwa mwandiko unaosomeka, "Mwalimu, likizo tumefanya kutoa kwa kukopa, sasa anaweza, kugawanya bado," ukiweke ndani ya daftari la hisabati. Siku ya kwanza ya muhula ampe mwalimu mkononi.